Mbeya hadi Ruaha na begi mgongoni: basi, viti vya gari na saa 24 za kibali

Nauli ya basi kutoka Mbeya hadi Iringa haitakuumiza. Kinachokula hela ni gari la kutoka hapo kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, maana haiingiliki kwa bodaboda, wala huruhusiwi kujitembelea kwa miguu bila askari. Kwa hiyo anza kupanga gari, ndipo urudi kwenye basi.

Msimu kwanza. Julai hadi Oktoba mto Ruaha Mkuu hupungua mpaka ukabaki madimbwi, na wanyama hawana budi kuyafuata. Januari hadi Machi kila bonde lina maji, nyasi zimefunika kila kitu na udongo mweusi unanasa magari. Hapo wanaofaidi ni wapenda ndege. Wapo wanaotaka kuunganisha na maua ya Hifadhi ya Kitulo, lakini maua hayo hushamiri Desemba hadi Aprili, si kiangazi. Chagua kimoja.

Panda basi la asubuhi, stendi kuu au Uyole. Kati ya Juni na Agosti kaa upande wa kulia: barabara inaelekea mashariki na jua la miezi hiyo liko kaskazini, kwa hiyo wa kushoto ndio watakaovuta mapazia njia nzima. Kulia pia ndiko iliko milima ya Kipengere, na ukifika Chimala utaona inakopandia barabara ya kona ya Hamsini na Saba kwenda Matamba. Kushoto ni bonde la Usangu na mpunga wa Mbarali. Litupie jicho, kwa sababu maji ya bonde hilo ndiyo Ruaha Mkuu wenyewe, na umwagiliaji ule ni sababu mojawapo ya mto kukauka ndani ya hifadhi tangu miaka ya 1990.

Sweta usiliache kwenye buti la basi. Makambako na Mafinga zina baridi kweli. Tenga saa sita hadi saba, maana mizani na vibao vya 50 kila kijiji vinakula muda. Iringa mjini ni juu ya kilima na barabara kuu inapita chini, hivyo utashukia Igumbilo au Ipogolo, kisha upande daladala au bajaji.

Sasa gari. Land Cruiser ya kufunguka paa inabeba abiria sita hivi, na bei yake ni ileile uwe peke yako au mmejaa. Nusu siku ya kutafuta wenzako kwenye gesti na ofisi za utalii mjini Iringa inaokoa fedha kuliko kupunguziana bei na dereva. Kabla hujalipa chochote, uliza: je, bei ina mafuta ndani yake? Posho na malazi ya dereva? Kiingilio cha gari? Ugomvi mwingi huzuka kwenye neno "siku": kwako ni saa 24, kwa mwenye gari inakwisha saa 12 jioni. Andikeni. Kagua matairi mwenyewe, hakikisha kuna spea mbili na jeki inayofanya kazi, na tangi lijazwe Iringa. Hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kilomita 130 hivi. Ukijumlisha kurudi na mizunguko ya siku mbili, hesabu 450.

Njia ya bei nafuu ni basi la kijiji hadi Tungamalenga, kisha ukodi gari huko. Ila mabasi hayo huondoka Iringa mchana na kurudi alfajiri, kwa hiyo hesabu ya usiku wa kulala huko iingie kwenye bajeti.

Getini hawapokei fedha taslimu. Beba kadi na uwe na salio la kutosha kwenye simu, maana mtandao ukikataa upande mmoja utahitaji wa pili. Mtanzania asisahau kitambulisho. Bila hicho utabishania tofauti ya shilingi na dola. Kibali ni cha saa 24, na hapa ndipo wengi wanapoteza: wanaingia saa 2 asubuhi, wanapata alfajiri moja iliyopungua. Ingia saa 8 mchana, lala ndani, utoke kabla ya saa 8 ya kesho yake. Kiingilio kimoja kinakupa jioni nzima na asubuhi nzima, nyakati mbili ambazo simba na chui bado wanatembea.

Ukishaingia, usikimbizane na kila njia. Fuata mto, na mito ya mchanga kama Mwagusi, ambako tembo huchimba visima kwa mguu na mkonga. Simama, zima injini, subiri dakika ishirini. Ruaha ina tandala mkubwa na mdogo, palahala, na korongo (mnyama, si ndege wala bonde). Tembo akitanua masikio na kutikisa kichwa, rudi nyuma taratibu, na usipite kamwe kati ya mama na mtoto.

Nguo za bluu na nyeusi ziache Iringa. Mbung'o wanazipenda na wanang'ata juu ya jinzi. Maji, lita tano kwa mtu kwa siku. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, kwa hiyo unga na mchele viingie kwenye makopo. Matunda yasilale hemani: nyani watakuja mchana, tembo atakuja usiku, na huyo wa pili hafungui zipu.

Siku ya kutoka, uwe getini nusu saa kabla kibali hakijaisha, maana pancha moja inatosha kukulipisha siku nyingine.