Somo: Swali moja, nchi tatu – kuwashirikisha wananchi wa Ziwa Victoria

Wanachama kadhaa wameomba somo la kupanga ushirikishwaji wa wananchi unaovuka mipaka. Nitatumia Ziwa Victoria, kwa kuwa ndiko nilikofanya kazi hii. Tuchukue jambo moja: dagaa wapumzishwe lini, na kwa muda gani? Ziwa likipumzishwa upande mmoja, mitumbwi ya upande wa pili inaendelea kuvua samaki wale wale, hivyo jibu la nchi moja halitoshi.

Hatua ya 1: Jua nani atapokea majibu, naye akubali kwa maandishi

Kabla ya kuandika hata swali moja, tafuta mezani pa nani majibu yatafika. Kwa uvuvi wa ziwa hili kuna Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja, lililoanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1994. Kuna pia Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyo Kisumu chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila nchi nayo ina wizara na idara yake ya uvuvi. Pata barua inayosema tarehe ambayo majibu yatajadiliwa. Kama hakuna anayekubali kuiandika, usiwasumbue wananchi.

Hatua ya 2: Ingia kwa mlango wa kila nchi

Tanzania unaanzia wilayani, kisha kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, na una bahati ya mkutano mkuu wa kijiji ambao kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake. Uganda, baraza la kijiji la LC I nalo ni la watu wazima wote wa kijiji. Kenya utapita kwa kaunti na kwa chifu, na Ibara ya 10 ya Katiba ya 2010 inautaja ushirikishwaji wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Nchi zote tatu zilianzisha BMU, yaani vikundi vya wananchi vya kusimamia uvuvi, kwenye mialo (mahali mitumbwi inapotia nanga), ingawa Uganda zilisimamishwa mwaka 2015; kamati zake ziliwekewa watu 9 hadi 15, wakiwemo wanawake wasiopungua watatu. Palipo na BMU, mwenyekiti wake ni mwenyeji wako mzuri, lakini usimwachie peke yake orodha ya waalikwa. Atawaita watu wake.

Kama kazi yako inaitwa utafiti, vibali hutolewa na taasisi za sayansi za serikali: COSTECH Tanzania, NACOSTI Kenya na UNCST Uganda. Vianze mapema.

Hatua ya 3: Swali liwe moja, maneno yawe ya mahali

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Samaki mmoja ni dagaa Mwanza, omena Homa Bay na mukene Kalangala. Sangara ni mbuta kwa Wajaluo. Hayo ni mepesi. Mazito ni vitenzi. Ukiuliza "ziwa lifungwe?" mtu anasikia askari na nyavu zinazochomwa. Ukiuliza "ziwa lipumzishwe?" anasikia shamba lililoachwa lipate nguvu. Majibu hayatafanana, na utakaporudi ofisini utadhani nchi zinatofautiana kumbe ni maneno yako yaliyotofautiana.

Ninachofanya ni hivi. Waite wawezeshaji wa nchi zote pamoja kwa siku mbili. Waandike swali kwa Kiswahili, Kijaluo, Kiganda na lugha nyingine za mialo mliyochagua. Kisha mtu ambaye hajaliona swali la kwanza alirudishe kwenye Kiswahili. Palipopinda panaonekana hapo hapo. Msiondoke hadi kila mmoja aridhike kwamba bibi yake kijijini angelielewa swali vile vile. Siku hizo mbili msizipunguze hata bajeti ikibana, punguzeni mialo.

Mfano wa kuigwa upo. Tarehe 26 Septemba 2009, Bodi ya Teknolojia ya Denmark iliratibu mikutano ya wananchi kuhusu mabadiliko ya tabianchi katika nchi 38. Kila mkutano ulilenga watu wapatao 100, nao walipewa taarifa zile zile na kupigia kura maswali yale yale, siku moja. Kwa sababu hiyo majibu ya nchi hizo yaliweza kulinganishwa.

Hatua ya 4: Kalenda ni ya mwezi

Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai na sasa nyingi za sola, na taa huvuta dagaa gizani. Kwenye giza la mwezi wavuvi wako majini usiku kucha, mchana wamelala. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi hupumzika. Nasema hivi kwa majuto: mwaka mmoja tuliitisha kikao kwenye mwalo mmoja wa Ukerewe katikati ya giza. Walikuja wazee, watoto na wauza vocha. Tuliandika "mahudhurio mazuri", na maneno yale hayakuwa ya kweli.

Panga basi vikao siku zinazozunguka mwezi mpevu. Uzuri wake ni kwamba mwezi huo unaonekana Kisumu, Mwanza na Entebbe usiku ule ule, kwa hiyo nchi zote tatu mnaweza kukutana wiki moja. Angalia na siku za gulio. Na wakati wa masika acha siku za akiba, maana ziwa likichafuka hakuna mtumbwi utakaokutoa kisiwani.

Hatua ya 5: Tenganisha makundi, kisha yakutane

Kibarua wa mtumbwi hatasema kitu mbele ya tajiri wake, yaani mwenye mtumbwi, kwani kesho anahitaji nafasi kwenye mtumbwi ule. Weka vikundi vitatu: matajiri, wavuvi wa kibarua, na wanawake wanaonunua na kuanika dagaa. Wanawake wawezeshwe na mwanamke, karibu na wanapoanikia, saa ambayo dagaa hawahitaji kugeuzwa.

Mama mmoja aliniambia jambo ambalo hakuna ofisa aliyewahi kunitajia: mvua ikinyesha mfululizo dagaa hawakauki, wanaharibika, na wanaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Yeye alitaka mapumziko yawe masika, si kwa ajili ya samaki bali kwa ajili ya mchanga wenye maji. Upande wa Kenya, omena walishawekewa miezi ya kufungwa kuanzia Aprili, kwa hoja ya kuzaliana. Hoja mbili tofauti zimekutana kwenye miezi ya mvua, na bila kikundi cha wanawake tungeikosa moja.

Mwisho wa siku vikundi vikutane, na kila hoja isomwe na mwandishi bila kutaja aliyeisema.

Hatua ya 6: Majina na picha

Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Omba ridhaa kabla ya kuandika namba ya simu au kupiga picha. Daftari la mahudhurio lisitoke mikononi mwako.

Hatua ya 7: Mrejesho

Tenga fedha za mrejesho kwanza, kabla ya fulana na mabango. Kila mwalo upate ukurasa mmoja: mlisema hivi, wenzenu wa nchi nyingine walisema hivi, wakubwa wameamua hivi. Nenda mwenyewe ukausome, hata kama uamuzi haukufuata walichotaka. Hasa hapo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Bunda:* Mwalimu, shikamoo. Mtendaji anataka aone maswali kabla, kisha akae kikaoni. Nimkatalie?

Marahaba. Maswali mwoneshe, hayana siri. Mwombe afungue kikao, awasalimie watu, kisha awaache. Mueleze mapema, si mbele ya watu, kwamba saa ya mwisho atakaribishwa tena kusikia hoja zote. Wengi hukubali wakiona hawafichwi kitu.

*Mwanachama, Homa Bay:* Watu wetu wamechoka. Wanauliza posho kwanza, na wamesikia upande wa pili wanalipwa zaidi.

Hawakosei, umewatoa kwenye kazi. Kanuni iwe moja kwa nchi zote: nauli, chakula, na fidia ya muda kulingana na kibarua cha siku cha mahali hapo. Shilingi zetu ni tatu tofauti, kwa hiyo kiasi kitatofautiana. Itangaze kanuni hiyo siku ya mwaliko, kila mwalo, ili uvumi usikutangulie.

*Mwanachama, Kalangala:* Dada, huku kwetu Kiswahili wengi wanakihusisha na askari. Tukianza nacho watu wananyamaza.

Basi usianze nacho, kaka. Kikao kiwe cha Kiganda kuanzia salamu hadi mwisho. Kiswahili kibaki kati yetu wawezeshaji tunapolinganisha majibu. Na mwezeshaji wako asiwe na buti wala koti la rangi ya jeshi; nimeona watu wakiondoka kwa hilo tu.

*Mwanachama, Musoma:* Tanzania ina karibu nusu ya ziwa, Kenya asilimia 6 tu. Kura zihesabiweje?

Zisijumlishwe. Andika matokeo ya kila nchi peke yake, na ndani yake ya kila kundi peke yake. Ukijumlisha, asilimia 6 ile inamezwa, na vibarua wa nchi zote wanamezwa na matajiri wao. Kama wanawake wa Musoma na wa Homa Bay wamekubaliana kuliko walivyokubaliana na wanaume wa kwao, liandike hilo ukurasa wa kwanza.