Kubadilisha madirisha nyumba ya zamani Tabora, usikimbilie aluminiamu kabla hujasoma hii

Kama unaishi Tabora unalijua joto la mwezi wa kumi, mvua bado, upepo umekata, ndani kama upo kwenye tanuri la tofali. Nyumba yangu ipo Isevya, ya zamani, tofali za kuchoma, na madirisha ya mbao yalishaanza kuliwa na mchwa kwa chini mpaka ukibonyeza kwa kidole kinazama. Nikasema basi, natoa yote manane naweka ya kisasa. Nimemaliza sasa, mengine nimejifunza vizuri na mengine nimejifunza kwa kulipia mara mbili.

Tuanze na kuchagua maana hapo ndo watu wengi tunakosea. Kila mtu sa hivi anataka slaidi ya aluminiamu, yale madirisha ya kusukuma pembeni, na kweli inapendeza, mchwa haili, rangi haitaki. Ila angalia hiki kitu, slaidi ya vioo viwili ukiifungua yote inafunguka nusu tu, kioo kimoja kinajificha nyuma ya mwenzie. Dirisha la futi tano unapata upepo wa futi mbili na nusu, na ukiweka wavu wa mbu hapo hata hizo mbili na nusu upepo wake unapungua. Lile shata la mbao la zamani ulikuwa unafungua lote kwahiyo watu wanaweka madirisha ya hela nyingi halafu wanashangaa mbona chumba kimekuwa cha moto kuliko mwanzo, wanaishia kununua feni.

Mi sebuleni nimeweka slaidi, ukuta mrefu una madirisha mawili yanatazamana na mengine upande wa pili, hewa inapita. Vyumbani nimeweka ya kufungua kwa nje yenye bawaba. Sasa hapo kuna hesabu, dirisha likifunguka kwa nje grili lazima ikae ndani, na wavu nao uwe na kifremu chake kinachofunguka, la sivyo utafikaje kwenye kitasa? Jirani yangu wavu wake kaupigilia misumari kote, mvua ikija anatoka nje na mwavuli kwenda kufunga dirisha.

Halafu grili. Najua vibaka wapo lakini tafadhali chumba kimoja angalau grili iwe na mlango wa bawaba na kufuli, funguo zikae mahali kila mtu wa nyumba anapajua. Moto ukianzia jikoni usiku utatokea wapi?

Ukitaka mbao bado, hongera, upo kwenye nchi ya mninga. Mninga ukikauka vizuri hauchezi wala haupindi ovyo, na mchwa hawauwezi kirahisi. Ila ni moyo wake ule wa kahawia, siyo ule weupe wa pembeni, weupe unaliwa kama mkate na mafundi wengine wanaupaka vanishi ya rangi usiuone. Omba kuona mbao kabla hazijapakwa kitu. Na uliza risiti na kibali, mbao za magendo zinaweza kukamatwa na hela yako ikaenda nazo.

Upande wa magharibi punguza ukubwa wa dirisha au weka kivuli, jua la saa kumi kumi na moja linaingia limelala mpaka kitandani.

Kupima sasa. Fundi wangu wa kwanza alipima mara moja katikati, akaandika kwenye kiganja cha mkono, akaondoka. Madirisha yalipokuja mawili yakagoma kuingia kwa juu, maana nyumba za zamani tundu halijanyooka kabisa, chini pana juu nyembamba. Pima upana sehemu tatu, juu, katikati na chini, urefu pia sehemu tatu, chukua kile kipimo kidogo kuliko vyote, halafu toa kama sentimita moja ili ibaki nafasi ya nusu sentimita kila upande. Pima na kona kwa kona, vipimo viwili vikilingana kona za tundu zimenyooka, visipolingana ni bora urekebishe plasta kabla hujaagiza. Na kioo cha tempa, kile kilichokomazwa kwa moto, hakikatwi kikishatoka kiwandani, ukikosea ndo imeisha.

Kutoa la zamani, fanya kiangazi na fanya moja moja, usibomoe yote asubuhi jioni ikakukuta na matundu nane na mbu wa Tabora. Vaa miwani na glovu. Bandika tepu kwenye vioo, toa vioo, chomoa shata kwenye bawaba. Rangi ya mafuta ya miaka mingi usiisugue kavu, inaweza kuwa na madini ya risasi, loweka kwanza na watoto wakae mbali. Fremu usiivute nzima, ikate katikati kwa msumeno ndo uing'oe vipande kwa mtaimbo, ina vyuma vimeingia ukutani.

LAKINI kabla ya kukata, angalia juu kama kuna lenta, ile boriti ya zege inayobeba tofali juu ya dirisha. Nyumba nyingi za tofali na udongo hazina, fremu yenyewe ndo imebeba tofali. Dirisha la jikoni kwangu lilikuwa hivyo, msumeno umefika katikati fremu ikaubana, yani ukuta ulikuwa unashuka. Tukasimamisha miti miwili na ubao juu yake, tukamwaga lenta, tukasubiri wiki kadhaa. Mzee mmoja mtaani alipita akatuangalia akasema, "Wanangu, hizo mbao nzima msizichome, huo mninga haupatikani tena." Nimetengenezea kigoda na rafu mbili.

Kufunga: grili kwanza, plasta, ikauke, ndo aluminiamu ije mwisho, simenti mbichi inaitia madoa yasiyotoka. Kizingiti cha nje kiwe na mteremko kuelekea nje. Weka fremu juu ya kabari, kagua kwa pima maji chini na pembeni kama imenyooka, toboa, weka fisha (zile plagi za plastiki za ukutani) na skrubu, anza karibu na kona halafu kila nusu mita hivi. Usikaze kwa hasira, fremu inajipinda katikati na slaidi inaanza kukwama. Jaza nafasi, pitisha silikoni, iache siku nzima.

Halafu lijaribu kabla hujamlipa fundi hela ya mwisho. Mi nilichukua ndoo nikamwagia kwa nje, maji yakajaa kwenye reli yakaanza kumwagika sebuleni. Fundi akaniambia, "Dada, hilo ni la kawaida, mvua haimwagiki hivyo." Nikamwambia njoo uangalie huku chini kwa nje, kuna vitundu vidogo vya kutolea maji na wewe umeviziba vyote na silikoni. Akakaa kimya, akachukua msumari akachokonoa kimoja, maji yakatoka yote yakammwagikia kwenye kiatu.