Kupiga hesabu ya mwangwi wa sakafu ya bahari kuu kwa kompyuta

Kabla hujafungua programu yoyote shika kalamu kwanza, maana modeli ya mwangwi hata ikikosea inakuchorea grafu nzuri tu na wala hushtuki. Chukua kina cha mita 4,500, sonari (kifaa cha kutuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake) iko karibu na uso, sauti inaenda kama mita 1,500 kwa sekunde, basi mwangwi wa kwanza wa sakafu unarudi sekunde ya 6. Ukiuona sekunde ya 3 ujue umesahau safari ya kurudi.

Sasa twende sekunde ya 10. Sauti imesafiri mita 7,500 kufika chini, kwa hiyo sine ya pembe yake na sakafu ni 4,500 gawa kwa 7,500, yaani 0.6. Kanuni ya Lambert, inayokadiria sakafu inatawanya sauti kiasi gani, inataka uzidishe sine ya kwenda na ya kurudi, ukigeuza kuwa desibeli ni -4.4, ongeza -27, kiwango cha mtawanyo wa sakafu alichokipata mtafiti Mackenzie mwaka 1961 ambacho wengi wanaanzia nacho, inakuja -31.4. Palsi (mlio mfupi) ya sekunde 0.1 inamulika sakafuni pete yenye upana wa kama mita 94 na nusu kipenyo cha mita 6,000, eneo ni 2π × 6,000 × 94, sawa na desibeli 65.5. Njiani unapoteza desibeli 155 kwenda na kurudi (ufyonzaji wa maji nimeuacha, kwenye kilohezi 1 ni mdogo). Chanzo cha sauti kikiwa na desibeli 220, toa hizo 155, ongeza 65.5 na -31.4, unabaki na kama 99. Hiyo ndo namba ya kuibana nayo programu.

Ukishaipata ndo uingie Bellhop, programu ya kufuatilia miale ya sauti majini, uweke profaili ya kasi ya sauti (kasi yake kwa kila kina) ili miale ipinde inavyotakiwa, afu kwa kila kipande cha sakafu oanisha kila njia ya kwenda na kila ya kurudi, hata zile zilizogonga uso kwanza. Hapa wengi wanaharibu: jumlisha nguvu, usijumlishe desibeli, 90 na 90 ni 93.

Na hiyo -27 usiiamini kupita kiasi jamani, Mackenzie alipima kwa hezi 530 na 1,030 tu, na sauti ikishuka karibu wima Lambert anakadiria chini, sakafu inarudisha zaidi. Mimi naona ni lazima uiendeshe modeli upya na -22 na -32, uchore mistari yote mitatu pamoja.