Polipropilini ikiyeyuka, ipandishe joto zaidi kabla ya kuipoza

Polipropilini, aina ya plastiki, huyeyuka karibu nyuzi 165 za Sentigredi. Wengi wakiona kilele cha kuyeyuka kimepita kwenye mchoro wa kalorimita, yaani kifaa kinachopima joto ambalo sampuli inafyonza au kutoa, huanza kupoza hapo hapo, kwenye 167 au 168, halafu wanashangaa mbona sampuli ileile inatoa majibu tofauti. Imekuwa uji, sawa, lakini bado ina kumbukumbu: minyororo ya molekuli iliyokuwa imepangwa ndani ya fuwele haijatawanyika yote, na mabaki hayo hugeuka viini, yaani mbegu za kuanzishia fuwele, mara joto linaposhuka. Fuwele zinaota mapema, tena nyingi na ndogondogo.

Kuhakiki ni rahisi. Yeyusha hadi 200, iache dakika 5, poza kwa nyuzi 10 kila dakika, kisha andika joto la kilele cha kuganda. Chukua kipande kingine, rudia kwa 220. Vilele vikilingana, kumbukumbu imefutika. Cha 200 kikitokea kwenye joto la juu zaidi, bado kuna mabaki. Kurefusha muda kwenye joto dogo hakusaidii sana. Kinachofuta hasa ni joto lenyewe. Na pitisha naitrojeni, maana kwenye hewa ya kawaida oksijeni itakata minyororo na utajikuta unapima kitu kingine kabisa.

Kuna wanaoitaka kumbukumbu hiyo makusudi. Wao huyeyusha karibu fuwele zote wakabakiza chembe tu, na kilele cha kuganda kinaweza kupanda kwa nyuzi 20 na ushei bila kuongeza dawa yoyote ya viini.