Jinsi ya kuhesabu jenotipu, fenotipu na marudio yake kwa mfano wa damu ya AA, AS na SS

Wanafunzi wa mazoezi wanaofika katika maabara yetu hapa Lubumbashi huwa wameshakariri kwamba jenotipu ni urithi uliomo ndani ya jeni na fenotipu ni kile kinachoonekana kwa nje. Maneno hayo ni sahihi, lakini hayatoshi, kwa sababu hayasemi kinachoonekana kinaonekana kwa chombo gani, na hapo ndipo hesabu nyingi huharibika hata kabla ya kuanza. Nitaeleza hatua ninazozifuata mwenyewe, nikitumia mfano mmoja tu, yaani hemoglobini (protini inayobeba oksijeni katika seli nyekundu za damu) ya A na ya S, ambao haututoi mbali na nyumbani: watu wengi wa mji huu wana ndugu au jirani aliyemuuguza mtoto wa SS, yaani mwenye ugonjwa wa selimundu.

Hatua ya 1: Weka kila jina mahali pake

Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni inayoongoza utengenezaji wa mnyororo wa beta wa hemoglobini, moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba, na jeni hiyo imo katika kromosomu ya 11. Kila umbo la jeni huitwa aleli. Aleli ya A ndiyo ya kawaida. Aleli ya S inatofautiana nayo kwa herufi moja tu ya DNA, na herufi hiyo inatosha kuifanya asidi ya glutamiki iliyopaswa kukaa katika nafasi ya 6 ya mnyororo iache nafasi yake kwa valini, ambayo ni asidi amino nyingine. Ukizipanga aleli mbili mbili unapata jenotipu tatu: AA, AS na SS. Mwenye aleli zinazofanana ni homozigoti, na mwenye aleli tofauti ni heterozigoti.

Maneno jeni, jenotipu na fenotipu yalianza kutumiwa na Wilhelm Johannsen wa Denmark mwaka 1909, kwa nia ya kutenganisha kile ambacho kiumbe amerithi na kile anachokionyesha.

Hatua ya 2: Taja chombo ulichotazamia

Hatua hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Chukua watu watatu, mmoja AA, mmoja AS na mmoja SS, kisha uwatazame kwa njia tatu.

Kwanza, watazame kama daktari anavyowatazama. Mwenye SS anapatwa na maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, na macho yake huwa ya manjano. Mwenye AA na mwenye AS wanaishi maisha yao bila ugonjwa huo, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Kwa mtazamo huu kuna fenotipu mbili, mgonjwa na asiye mgonjwa, na tunasema kwamba aleli ya A inatawala na ya S inajificha.

Pili, watazame kwa kipimo cha Emmel, ambacho kimepewa jina la mtafiti aliyekieleza mwaka 1917. Unaweka tone dogo la damu juu ya kioo, unalifunika kwa kioo chembamba, unaziba kingo zake zote kwa parafini au kwa vanishi ya kucha ili hewa isipite, kisha unasubiri. Ukiwa na metabisulfiti ya sodiamu, kemikali inayoondoa oksijeni, husubiri muda mrefu, na usipokuwa nayo huenda ukalazimika kurudi kesho yake. Seli zinapokosa oksijeni, zile zenye S zinaanza kupoteza umbo lake la mviringo: zinarefuka, zinachongoka pande mbili, nyingine zinajipinda kabisa kama mundu, na ndiyo maana Kiswahili kimeuita ugonjwa huu selimundu. Jambo la kuzingatia ni kwamba seli za mtu wa AS nazo zinajipinda chini ya kioo, ingawa mwenyewe ni mzima. Kwa hiyo fenotipu ni mbili tena, chanya na hasi, lakini mgawanyo umehama: AS amemwacha AA na kuungana na SS. Kwa mtazamo huu, aleli inayotawala ni S.

Tatu, wapitishe kwenye elektroforesisi, njia ambayo Linus Pauling na wenzake waliitumia mwaka 1949 kuonyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya watu wengine. Umeme unapopita katika utepe uliolowanishwa kwa myeyusho wa alkali, hemoglobini ya A inatangulia kuelekea ncha chanya na ya S inabaki nyuma yake. Ukishaupaka utepe rangi, AA anaonyesha mstari wa A, SS anaonyesha mstari wa S bila wa A, na AS anaonyesha yote miwili, ule wa A ukiwa umekoza zaidi kidogo. Hapa fenotipu ni tatu, kila moja inalingana na jenotipu yake, na hakuna aleli inayoificha nyingine.

Damu ni ile ile, jenotipu hazikubadilika, lakini swali «je, S inatawala au inajificha?» limepata majibu matatu. Nimeona madhara ya kulisahau hilo. Mwanamke mmoja aliyekuwa anajiandaa kwa ndoa alikuja na karatasi kutoka kituo kimoja, imeandikwa «Emmel +» peke yake, naye alikuwa ameelezwa kwamba ni mgonjwa wa SS. Aliniambia: «Dokta, banasema niko SS, lakini sikulalaka ku lopitalo hata siku moja», yaani hajawahi kulazwa hospitalini. Elektroforesisi ilionyesha mistari miwili iliyo wazi. Alikuwa AS, na kwa wiki nzima alikuwa amebeba hofu ya ugonjwa asiokuwa nao.

Tahadhari mbili za kazini. Mtoto mwenye SS aliyeongezewa damu karibuni ataonyesha mstari wa A ambao si wake, kwa hiyo uliza kwanza, na ikibidi subiri miezi mitatu hadi minne, kwa kuwa seli nyekundu za kawaida huishi siku 120 hivi. Mtoto mchanga naye bado ana hemoglobini nyingi ya tumboni, inayoweza kukifanya kipimo cha Emmel kiwe hasi hata kama ana SS.

Hatua ya 3: Hesabu watu

Marudio, katika hesabu hizi, ni sehemu ya jumla: idadi ya wenye sifa fulani ikigawanywa kwa idadi ya wote waliopimwa. Tuseme, kwa ajili ya zoezi, tumepima watu wazima 200 wasio na undugu, tukapata AA 158, AS 40 na SS 2. Marudio ya jenotipu ni 0.79 kwa AA, 0.20 kwa AS na 0.01 kwa SS.

Marudio ya fenotipu yanafuata chombo. Kwa mtazamo wa ugonjwa, 0.01 ni wagonjwa na 0.99 si wagonjwa. Kwa Emmel, 0.21 ni chanya na 0.79 ni hasi. Kwa elektroforesisi tunarudia namba tatu za jenotipu. Mtu akikuletea «marudio ya fenotipu» bila kutaja chombo, mrudishie karatasi yake.

Uliza pia watu hao walikusanywa wapi. Ukipima waliolazwa katika wodi utapata SS wengi kupita kiasi, na ukipima wanafunzi waliohudhuria darasani utapata wachache, kwa sababu baadhi yao wako nyumbani wanaumwa.

Hatua ya 4: Hesabu aleli

Watu 200 wana aleli 400, na hiyo 400 ndiyo jumla mpya. Kila AA anatoa A mbili na kila AS anatoa moja: 158 × 2 + 40 = 356. Kila SS anatoa S mbili na kila AS anatoa moja: 2 × 2 + 40 = 44. Marudio ya A, tunayoyaita p, ni 356 ÷ 400 = 0.89; marudio ya S, tunayoyaita q, ni 44 ÷ 400 = 0.11. Jumla yake lazima iwe 1, na isipokuwa 1, rudi ulikotoka.

Kosa la kawaida ni kuchukua 0.21 ya Emmel na kuiita marudio ya aleli ya S. Ile 0.21 inahesabu watu, na wengi wao wana S moja tu.

Hatua ya 5: Linganisha na Hardy na Weinberg

Mwaka 1908, G. H. Hardy wa Uingereza na Wilhelm Weinberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kwamba katika jamii kubwa ambamo watu wanaoana bila kuangalia jeni hiyo, na ambamo hakuna uteuzi (yaani jenotipu moja kuishi au kuzaa kuliko nyingine), uhamaji wala mabadiliko mapya ya jeni, jenotipu zitakaa katika uwiano wa p², 2pq na q². Kwa namba zetu tunapata 0.7921, 0.1958 na 0.0121, yaani, kati ya watu 200, AA 158.4, AS 39.2 na SS 2.4. Tulichokihesabu kinakaribiana sana na kinachotarajiwa.

Usikimbilie kusema kwamba basi hakuna uteuzi. Anthony Allison alionyesha mwaka 1954 kwamba wenye AS wanakingwa kwa kiasi dhidi ya malaria, na ndiyo sababu aleli inayowaua wengine haijatoweka katika nchi zenye mbu kama yetu. Watu 200 ni wachache mno kuufichua uteuzi huo kwa hesabu hii.

Usichanganye jamii na familia

Wachumba wawili wa AS hawaulizi marudio ya mji; wanauliza habari za watoto wao. Kwao, kila mimba ina uwezekano wa 1/4 wa AA, 1/2 wa AS na 1/4 wa SS, na mimba inayofuata haikumbuki iliyotangulia. Nimewasikia wazazi wakisema kwamba kwa kuwa wa kwanza alikuwa mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama, na kila mara naacha kazi niliyonayo ili niwaeleze polepole kwamba si hivyo.

Hatua ya 6: Ukiwa na Emmel peke yake

Tuseme umepima watu 250 na umepata hasi 190. Hasi wote ni AA, kwa hiyo p² = 190 ÷ 250 = 0.76. Kipeuo cha pili chake ni 0.872, hivyo q ni 0.128. Ukikubali masharti ya Hardy na Weinberg, 2pq inakupa AS 56 hivi na q² inakupa SS 4 hivi. Andika katika daftari kwamba namba hizo mbili ni makadirio, kisha tayarisha tepe za elektroforesisi kwa wale 60 wote, kwa sababu hesabu haiwezi kukuambia ni wanne gani kati yao wanaohitaji kuonana na daktari.