Vitu vya kuandaa kabla mtoto wa mbwa hajafika nyumbani Tabora

Wengi wakiahidiwa mtoto wa mbwa huanza kutafuta mnyororo. Huo ungoje. Fedha ianzie kwenye chakula chenye protini, dawa ya minyoo, chanjo na malazi makavu. Na usimchukue kabla hajatimiza wiki 8: anayetengwa mapema na mama na nduguze huharisha kirahisi na huwa muumaji.

Chakula ndicho kinachowashinda wengi. Muulize unayemchukulia anamlisha nini, uombe cha siku 3, kisha uingize chakula chako kidogo kidogo kwa wiki nzima. Ukibadili ghafla, tumbo linavurugika. Dagaa wa Kigoma wanapatikana sokoni Tabora, nao wanafaa sana kwa kuwa huliwa na mifupa yao, yenye kalsiamu. Mbwa anayekuzwa kwa ugali mtupu, au kwa nyama tupu isiyo na mfupa, anaweza kupinda miguu. Wapepete dagaa, waoshe mpaka mchanga uishe, wachemshe bila chumvi wala kitunguu, uwatwange. Anza na kikombe 1 cha dagaa kwa vikombe 2 vya ugali laini. Mpe milo 4 kwa siku hadi miezi 3, kisha milo 3 hadi miezi 6. Unga au pumba zilizovunda usimpe kamwe, kwa maana sumukuvu haiishi kwa kupikwa na huharibu ini. Maziwa ya ng'ombe nayo huwaharisha wengi. Maji safi yanatosha, kwenye bakuli zito asiloweza kulipindua.

Dawa ya minyoo hutolewa kwa uzito, si kwa kukisia. Mtie kwenye ndoo, pima kwa mizani ya dukani, toa uzito wa ndoo. Hurudiwa kila wiki 2 hadi wiki 12, kwani minyoo humfikia tangu tumboni mwa mama na kupitia maziwa yake.

Mwone daktari wa mifugo kabla mbwa hajaja, ili chanjo iagizwe mapema. Lazima isafiri kwenye barafu na ihifadhiwe kwenye nyuzi 2 hadi 8. Iliyopata joto haikingi. Chanjo ya parvo (ugonjwa wa kuharisha damu) na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki 16. Ya kichaa cha mbwa huchomwa kwa kawaida akifika miezi 3. Kama mbwa mwingine alikufa hapo kwa kuharisha damu, mtoto huyu mpeleke kwenye nyumba nyingine: virusi vya parvo hukaa ardhini miezi mingi, na Jiki haifanyi kazi kwenye udongo.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe isimguse, inaweza kumuua. Kupe wang'oe kwa kibano kila jioni: masikioni, kati ya vidole, chini ya mkia.

Malazi ni boksi na khanga kuukuu mbili za kubadilishana. Zianike juani zikauke kabisa, maana kuna nzi hutaga kwenye nguo zenye unyevu au mkojo na mabuu yake huingia ngozini. Mwezi Juni na Julai usiku una baridi, ongeza chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa.

Msimu wa maembe, fagia uwanja kila asubuhi. Kokwa likimezwa huziba utumbo. Akitapika mfululizo na hapati choo, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.