Kabla hujaua prosesi iliyobaki kwenye seva

Kama unasimamia PostgreSQL, programu ya hifadhidata, hapa Lubumbashi na matawi yako yanaingia kwa intaneti ya simu, yapange haya kabla umeme haujakatika.

Kila anayeunganishwa hupewa prosesi yake, yaani programu ndogo inayomhudumia kwenye seva. Akikatika ghafla, seva haijui. Akifunga dirisha la programu, ripoti nzito inaweza kuendelea kusagwa mpaka wakati wa kumtumia majibu. Wafundishe watu kusitisha kwanza, ndipo wafunge.

Weka statement_timeout, kikomo cha muda wa ombi moja, kwa wanaotoa ripoti. Kuanzia toleo la 14 washa client_connection_check_interval, inayoifanya seva ikague kama mteja bado yupo ombi likiendelea; huja imezimwa.

Sasa kufuli, yaani data iliyoshikwa na mmoja ili wengine wasiibadilishe mpaka amalize. Nilitunza seva ya depo ya dawa yenye matawi kwenye komini za Katuba na Kenya, hapahapa Lubumbashi. Asubuhi moja dada wa Katuba alikuwa anabadilisha bei. Kabla hajathibitisha, umeme ukaenda, ruta ikazima. Kule Kenya kaunta zikaganda, maana kila mauzo hupunguza idadi kwenye rekodi zilezile alizozishika. Nikafungua pg_stat_activity, orodha ya waliounganishwa: mstari mmoja, idle in transaction (muamala umefunguliwa, haujamalizwa), umeanza saa tatu na dakika arobaini na mbili. Ilikuwa saa nne na nusu. Prosesi haifanyi kitu, imekaa tu na kufuli zake, na Linux ikiachwa ilivyo husubiri sekunde 7200 kabla ya kuanza kuuliza kama mwenzake bado yupo.

Simuni wananiambia kuna mama amesimama na karatasi ya daktari mkononi. Nikapiga kill -9, amri ya Linux ya kuua prosesi papo hapo. Usifanye hivyo kamwe! Prosesi moja ikiuawa namna hiyo, PostgreSQL huhesabu kwamba kumbukumbu ya pamoja huenda imeharibika, hufukuza wote na kuanza kujirejesha. Fakitire zote zilizokuwa katikati zilipotea, tukaziandika upya kwa kalamu, na yule mama akazidi kusubiri.

Dawa ilikuwa pg_terminate_backend: muamala wa aliyekatika unarudishwa nyuma, wengine wanaendelea na kazi. pg_cancel_backend isingesaidia, kwani husitisha ombi linalokimbia, na pale hapakuwa na ombi. Leo idle_in_transaction_session_timeout yangu, kikomo cha muamala uliokaa bure, ni dakika mbili; tcp_keepalives_idle, muda wa kimya kabla ya kuuliza kama mwenzake yupo, ni sekunde 60. Mbili hizo ziweke leo hii, usingoje kesho.

Kabla ya kuua, uliza pg_blocking_pids nani anamzuia nani. Usiguse usiyoijua. Usiwape wafanyakazi akaunti ya msimamizi: kati ya nafasi 100 za kuunganishwa ambazo PostgreSQL huja nazo, 3 zimetengewa yeye, nazo ndizo mlango wako siku ambayo nafasi nyingine zote zikijaa. Nakala za hifadhidata ziwe zimejaribiwa. Betri ya ruta ichajiwe, simu ya mwenye zamu iwe na mayunite, amri ziandikwe ukutani. Halafu Jumapili, depo ikiwa imefungwa, anza muamala kutoka Katuba, chomoa waya wa ruta, na hesabu dakika mpaka prosesi itoweke.